Pampu Isiyonguruma

Utando wa mpira wa pampu tuliyokuwa tukiijaribu ulitoa moshi mwembamba, ukatoboka katikati, na mwenzangu akabaki ameshika kitufe akinitazama kama mtu aliyekalia miwani ya mwenziwe. "Ilikuwa imekufa," akasema. "Sikusikia kitu, nikaongeza umeme."

Haikuwa imekufa hata kidogo. Maji ya rangi yalikuwa yakipanda kwenye mrija mbele ya pua yake, ila yeye alikuwa ametega sikio. Ndivyo tulivyokuwa sote pale karakana: tulikulia kwenye pampu za mota, na pampu ya mota ikinyamaza ujue imekwisha. Tangu siku hiyo tukamwita Ongeza, na mpaka leo, ingawa sasa ni bosi mzima, analiitikia jina hilo.

Wenzangu walinyong'onyea. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Kama Ongeza na masikio yake yale hakusikia kitu, naye ameiinamia kabisa, basi hata maikrofoni ya mama isingesikia.

Maana kazi yote ile ilikuwa ya mama. Alikuwa msomaji wa taarifa ya habari redioni. Watu waliijua sauti yake kuliko sura yake. Kisha maradhi yakamfunga pampu kiunoni, ya kumtilia dawa chini ya ngozi kidogo kidogo, kutwa nzima. Ilinguruma hiyo! Wasikilizaji wakapiga simu kuuliza studio mmewasha jenereta gani. Wakubwa wakamhamishia ofisi ya nyuma, akawa anahariri habari ambazo wengine walikwenda kuziboronga, na nyumbani akaacha kabisa kuwasha redio. Iliniuma sana. Nikamwambia nitamtengenezea pampu isiyo na mota, na sikuwa namfariji tu, nilijua naweza.

Siri yenyewe si kubwa. Unavuta utando wa mpira, unauwamba kwenye fremu kama ngozi ya ngoma, unaupaka kaboni pande zote mbili. Umeme ukipita, pande hizo zinavutana, mpira unabanwa na kutanuka. Umeme ukikatwa, mpira unajirudi na kusukuma tone la dawa. Hakuna gia, hakuna kinachozunguka, na kitu kizima kinaenea kiganjani.

Tuliwamba utando mwingine. Lakini kosa la Ongeza halikunitoka kichwani, kwa hiyo nikabadilisha kifuniko: upande mmoja nikaufanya laini, usiopitisha umeme ila unaopitisha mapigo, ili anayetaka kujua kama pampu inafanya kazi aiguse tu.

Daktari wa mama aliijaribu kwa muda mrefu, na maswali yake yalinichosha roho. Hatimaye akaridhika, akamfunga mama pampu hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Studioni, siku wakubwa walipokubali ajaribu tena kusoma, fundi mitambo alikuwa nyuma ya kioo, amevaa vipokea sauti. Mama akaketi, akapanga karatasi zake, halafu uso ukambadilika.

"Mwanangu, imezima."

"Haijazima, mama."

"Mbona siisikii?"

Miaka yote aliichukia ile ngurumo, kumbe ndiyo iliyokuwa ikimhakikishia kwamba yu hai. Nikauchukua mkono wake wa kushoto, nikakiweka kidole chake juu ya ule upande laini. Akasubiri. Kisha mabega yakamshuka, akanitazama na kutabasamu.

Mara fundi mitambo akainua mkono. Akasema kuna kitu anakisikia. Nikaganda, nami si mtu wa kuganda. Akakandamiza vipokea sauti masikioni, akasikiliza tena.

"Ni pumzi tu," akasema. "Mama, sogea nyuma kidogo."

Mama akasogea. Taa nyekundu ikawaka, akaanza kusoma kwa sauti ileile watu waliyoizoea. Sijui hata alisoma habari gani. Nilikuwa namtazama tu, mkono wa kulia ukigeuza karatasi, na wa kushoto chini ya meza, umetulia juu ya pampu mpaka taarifa ikaisha.