Gauni la Senene wa Kasino

Edvina alikuwa na dukuduku moja tangu aolewe: gauni. Si gauni lolote, la! Gauni la senene. Kwetu Uhayani, mke akimkamatia mumewe senene, wale panzi watamu wa msimu wa mvua, mume humvisha gauni jipya. Ndivyo ilivyo, haina mjadala. Lakini mumewe, Kahangwa wa Rubafu, kila msimu alitafuna senene wa mkewe, akajifuta mdomo, akasema, "Wazuri, ila wachache. Mwakani." Mwakani hiyo imemzeesha mwanamke wa watu.

Sasa sikia. Novemba hii Kahangwa akashinda bahati nasibu ya kigango chao cha kanisa: kulala siku moja bure, yeye na mkewe, kwenye hoteli mpya yenye kasino pale ufukweni Bukoba. Kulala, nimesema, kula hakukutajwa. Kahangwa akavaa koti lake la harusi, ambalo hata ukitaka kuligusa atakuuliza kama umenawa, wakaenda.

Mgahawani wakasoma bei ya sahani ya ndizi. Ndizi! Mtu ametoka shambani kwake, ndizi zinaiva mpaka zinaliwa na ndege, aje azinunue mjini, vipande vitatu vimelazwa kwenye jani kama wagonjwa? "Afadhali nife," alisema Kahangwa, akamshika mkewe mkono wakatoka.

Akasikia kwamba wacheza kamari hupewa sambusa bure. Basi akaketi mbele ya mashine ya bonanza, akawa anabonyeza vitufe bila kuweka hela, huku akisonya ili aonekane ameliwa hela. Mhudumu alipita na sinia, akamtazama, akaitazama mashine ambayo hata haikuwa imewashwa, akaenda zake. Edvina alitamani ardhi ipasuke. Njaa inamuuma, na mume wake anagombana na mashine iliyozimwa!

Jioni ikanyesha mvua, ikakatika. Taa za kasino zikawaka zote, na senene wakaja. Wakaja, jamani! Walidondoka bustanini, juu ya magari, ndani ya bwawa la kuogelea. Edvina hakungoja kuambiwa. Alichomoa foronya ya mto chumbani akatoka mbio. Nyuma yake wakatoka wacheza kamari, wagawa karata, mlinzi na rungu lake, na meneja Rutashobya mwenye tai shingoni, akikamatia senene kwenye ndoo ya barafu.

Edvina alijaza foronya mpaka ikakataa kufungwa. Wapishi wakamsaidia kunyonyoa mabawa, wakakaanga wa sinia moja kwa chumvi. Akapiga magoti mbele ya mumewe, katikati ya ukumbi.

"Baba Julius, senene wako."

Watu wakasogea. Karibu wote pale ni Wahaya; walijua kinachofuata. Kahangwa akatafuna. Akafungua mdomo kusema ni wachache, akaiona foronya, akatafuta sababu nyingine.

"Wazuri," alisema, "ila hawa wamefuata taa za hoteli. Mwenye taa ndiye adaiwe gauni."

"Mimi?" Meneja akaruka. "Nimvishe mke wa mtu? Mke wangu kule Kashai nitamwambia nini?"

Ukazuka ubishi, na ubishi kasinoni hauachwi bure. Papo hapo mgawa karata mmoja akafungua meza: kulia, atamvisha, kushoto, hatamvisha. Watu wakaweka hela, wengine wakaweka senene. Ndipo Edvina akainuka, akaibeba foronya yake nzima, akaitua kushoto.

"Mama Julius," Kahangwa alisema. "Unacheza kamari juu yangu?"

"Nimekungoja tangu Julius yumo tumboni," Edvina akamjibu. "Leo angalau huko kungoja kunilipe. Nina njaa."

Kahangwa alimtazama mkewe: magoti yana tope la bustani, gauni limechanika kwapani na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akalivua lile koti la harusi, akamtupia meneja.

"Chukua. Nipe kitambaa."

Kitambaa kilichokuwapo ni kimoja tu, cha kijani, kilichotandikwa kwenye meza ya gurudumu la kamari, kimejaa namba nyekundu na nyeusi. Meneja akakibandua kwa mikono yake mwenyewe. Naye kazaliwa na mama. Kahangwa akamfunga mkewe kifuani, fundo linakataa kukaza.

Waliokuwa kulia wakapiga vigelegele, wakaichukua foronya ya Edvina, wakaondoka na senene wake wote. Kamari ni kamari. Mwanamke akalala njaa kwenye kitanda cha bure, amekumbatia kitambaa.

Jumapili, kanisani Rubafu, Edvina alikwenda kukomunika ndani ya gauni la kijani lililoshonwa kwa kitambaa kile, saba nyekundu kifuani, sifuri mgongoni. Misa ilipokwisha wanawake wakamzingira. Alishinda nini huko mjini?

"Nishinde nini? Nililiwa mpaka foronya," alisema, akizunguka ili waone na mgongo.

Pembeni yake Kahangwa alisimama na shati tu, baridi ya asubuhi inamtafuna. Mtu akamuuliza kama ni kweli senene walianguka.

"Walianguka, waitu, ndugu yangu," Kahangwa akajibu. Akamtazama mkewe. "Na alinikamatia wengi."