Mlango wa Kwanza kwenye Orodha

Mjomba alikuwa karani wa masijala ya ardhi kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka hiyo yote hakuna jalada lililopotea mikononi mwake. Ndiye aliyemwingiza mpwa wake ofisini humo kuwa fundi wa kompyuta, akiwaambia wakubwa kwamba huyu binti wa dada yake ana kichwa. Kichwa alikuwa nacho, hilo hatubishi. Tatizo kilianza kuvimba.

Siku moja ikagundulika kwamba jina la mwenye kiwanja, mjane mmoja, limebadilishwa kinyemela kwenye kumbukumbu. Mfumo mkuu ulikuwa umehifadhi namba ya mlango uliotumika. Maana kila kompyuta ina milango yake ya kutokea mtandaoni, mmoja wa waya, mwingine wa hewani, na kila mlango una namba yake ya kudumu. Mkurugenzi akamwagiza Fundi, kwani ndivyo walivyomwita mpwa huyo, aandike programu ya kupita kwenye kila kompyuta na kuorodhesha milango na namba zake.

Fundi aliiandika kwa asubuhi moja. Ili karatasi isijae, akaiamuru ichukue mlango wa kwanza tu inaoukuta wazi, mingine iachane nayo. Kompyuta moja, namba moja, akajiona kamaliza. Namba iliyokuwa ikitafutwa ikatokea kwenye kompyuta ya Mjomba.

Sasa hapa ndipo mtu unaposhika kichwa. Kompyuta za masijala zilikuwa mpya, nyembamba, za kupakata, hazina tundu la waya. Ofisi ilinunua adapta moja tu ya kuchomekea waya, na watu wanne wakawa wanaazimana kama kiberiti. Namba ile ilikuwa ya adapta, si ya kompyuta, na ilihama nayo popote ilipochomekwa. Siku programu ilipopita, adapta ilikuwa kwa Mjomba. Wale watatu wengine walilijua fika hilo la kuazimana, wakajitia hamnazo. Fundi, na usomi wake wote, alikichukulia kidude kile kuwa kipande cha waya tu.

Mjomba alijaribu kusema kikaoni, kwa upole wake uleule, kwamba kidude si chake peke yake. Akaomba mpwa wake achape milango yote, si wa kwanza tu, halafu arudie kesho na keshokutwa. Kukosolewa mbele ya wakubwa, tena na mzee anayechapa kwa vidole viwili! Fundi alihisi masikio yanamwaka moto.

"Mjomba," akasema, "kompyuta haina undugu."

Wakubwa wakacheka. Akatia sahihi ripoti, na Mjomba akamwaga unga siku hiyohiyo, akatoka huku askari wa getini akimfuata nyuma. Mtaani wakambandika jina la mwizi wa viwanja. Hata dada yake wa tumbo moja, mama yake Fundi, alimwuliza kama ni kweli.

Miezi minane ikapita. Fundi akatakiwa kuorodhesha vifaa vyote vya ofisi, akaifungua programu yake ya zamani, akaifuta ile amri ya mlango wa kwanza. Akaiendesha wiki nzima, na orodha ikatoka ndefu. Jumatatu namba ile ilikuwa kwa naibu mkurugenzi. Jumatano ilikuwa kwa katibu muhtasi. Ijumaa ilikuwa kwenye kompyuta ya Fundi mwenyewe, maana siku hiyo ndiye aliyeazima adapta.

Akazipeleka karatasi kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akasoma, akavua miwani, akamwuliza kwa sauti ya baba kama anaelewa anachokiomba. Akizitia sahihi, ofisi italazimika kumsafisha Mjomba, na yeye Fundi ataondoka kwa kutoa ripoti ya uongo. Asipotia, basi hizo ni karatasi tu. Fundi akafyata.

Jumapili alizibeba hadi kwa Mjomba. Sijui alitarajia nini, labda asamehewe bila jasho. Alimkuta sebuleni, kavaa shati la kazini lililopigwa pasi, kalamu mfukoni. Akamweleza yote huku analia. Mjomba akasoma kurasa zote tatu taratibu, kama alivyokuwa akisoma majalada, akaugeuza wa mwisho na kuutazama nyuma.

"Hizi zina sahihi ya nani?"

Fundi akafuta machozi kwa kiganja.

"Ile ya kunifukuza ulitia."

Akachomoa kalamu, akaiweka juu ya karatasi, akamsogezea. Fundi akaitazama weee. Mwishowe akasema atakuja kesho, akitoka kazini.

"Kazini," Mjomba akasema.

Alingoja kidogo tena, asije akawa anamharakisha mtoto wa dada yake. Kisha akaitia kalamu kifuniko, akairudisha mfukoni.