Vidole Vinne

Glenys hakukaa kitini hata mara moja. Tangu saa nane mchana alikuwa akiizunguka meza ya pool ya klabu, anaipaka chaki fimbo iliyokwisha kupakwa, anachungulia mvua dirishani, anarudi. Timu zilikuwa sawa, nne kwa nne, na mchezo wa tisa ulikuwa wake. Akishindwa, anaachwa nje ya timu aliyoichezea miaka ishirini na sita. Na wa kumwacha ni nahodha, Nerys, bintiye wa kumzaa.

Kilichomponza ni mkono wa kushoto, ule unaotulia mezani kuiongoza fimbo. Glenys huuweka mbali na mpira mweupe, shubiri nzima na zaidi. Ujanani umbali huo ulimpa nguvu, na Bonde zima la Rhondda, hapo kwao Wales, lilimwogopa. Siku hizi fimbo ikienda safari ndefu hivyo inayumba, na mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Nerys alimsihi tangu Januari ausogeze mkono. Sikio la kufa halisikii dawa.

Hata hivyo bahati ilimbeba mpaka akabakiza mpira mweusi tu, umesimama mdomoni mwa mfuko. Tabu ni kwamba mweupe ulikuwa pembeni, na nyuma ya Glenys kulikuwa na nguzo iliyomnyima nafasi ya kuivuta fimbo.

"Chukua kijiti, bibi wee!" Emlyn, nahodha wa wageni, alipiga kelele.

Kijiti kilikuwa fimbo fupi iliyotundikwa msumarini kwa ajili ya nguzo hiyo, na kila aliyekishika aliimbiwa wimbo wa kubembelezea watoto. Wageni walishaanza kusafisha koo.

"Mama, chukua tu," Nerys alisema.

"Nikikishika hicho, mnizike nacho!"

Aliinama, akaivuta fimbo nyuma. Ko! Ikagonga nguzo. Klabu nzima ikacheka. Glenys akainuka, akazunguka meza tena, akapaka chaki tena, uso unawaka kwa hasira na aibu. Kisha akainama na kuusogeza mkono hadi vidole vinne tu kutoka kwenye mpira. Alijisikia kama aliyefungwa kamba. Akavuta kidogo, akasukuma. Mweusi ukabingirika polepole, ukatumbukia, na mweupe ukasimama bila kuufuata mfukoni.

Watu wakashangilia. Glenys akamgeukia bintiye akicheka, ila Nerys hakucheka. Alikuwa anaficha mgongoni karatasi ya timu ya Jumapili ijayo. Glenys akamnyang'anya, akaisoma hadi chini. Jina lake halikuwamo.

"Niliandika asubuhi, Mama."

"Ulisema nikishindwa."

"Nilijua utashindwa." Macho ya Nerys yalikuwa yamejaa machozi. "Sikuamini kama utausogeza mkono."

Glenys alimrudishia karatasi.

"Hata mimi," alisema. "Haya, tafuta kalamu."