Gathoni na Gathoni Kwenye Meli ya Kisumu

Hii niliambiwa na Wachuka, mke wa Mutahi, mwaka wa 1974, ile siku lori ya majani chai ilikwama kwenye matope na sisi tukakaa na vikapu vyetu pale Wamagana kutoka saa saba mpaka karibu saa kumi na mbili. Nilikuwa nimeisikia vipande vipande, kila mtu na chake. Siku hiyo nikamwambia, "Mama Wamae, leo hatuendi popote. Nieleze kutoka mwanzo na usiruke." Akanieleza, na hakuruka.

Ulikuwa mwaka wa 1968, mwezi wa Agosti, baridi ile ya kwetu ya kufanya hata ng'ombe wapunguze maziwa. Mutahi alikuwa mtu wa reli, kituo cha Kiganjo. Ndiye alikuwa akipungia treni bendera. Watu wa reli wakipewa likizo ya mwaka walipewa pia karatasi ya kusafiri bure, mtu na mke wake na watoto, mahali popote treni inafika. Hata zile meli za ziwa zilikuwa ndani, kwa sababu zilikuwa za reli. Wengi waliitumia kwenda nyumbani. Sasa Mutahi nyumbani kwake ni hapa, mtu anafika na baiskeli. Kila mwaka karatasi yake ilikuwa inapita bure.

Ni Wachuka alisema, "Mwaka huu tunaenda kuzunguka hilo ziwa."

"Kufanya nini huko?"

"Kukaa."

"Ati kukaa?"

"Wazungu walipokuwa wanaenda, walikuwa wanaenda kulima? Walikuwa wanakaa. Mimi nimezaa, nimechuma chai, na mwezi wa tatu nimezika mama yangu. Baba Wamae, nataka siku tano za kukaa na watoto wangu mahali hakuna shamba."

Mutahi akakuna kichwa, akaenda kuandikisha.

Sasa lazima niwaambie watoto hao, maana shida yote ilitoka hapo. Wa kwanza ni Wamae, alikuwa na miaka minane, jina la baba ya Mutahi. Anayefuata ni Gathoni, miaka sita, jina la mama ya Mutahi. Halafu kuna Gathoni mwingine, miaka minne, jina la mama ya Wachuka, yule wa Kutus aliyezikwa mwezi wa tatu. Wa mwisho alikuwa Ngatia, bado wa mgongoni, jina la baba ya Wachuka. Kwetu hatuchagui. Upande wa baba unaanza, upande wa mama unafuata, na kama nyanya wa huku na nyanya wa kule wote waliitwa Gathoni, basi nyumba itakuwa na Gathoni na Gathoni. Hapa Wamagana hakuna mtu wa kushangaa. Mmoja tulimwita Gathoni wa Hapa na mwingine Gathoni wa Kutus, na tukiita bila kuongeza, wanakuja wote.

Mutahi kwa karatasi aliandika vile mtu wa kwetu angeandika: Wamae, Gathoni, Gathoni, Ngatia. Hakuongeza miaka wala kitu kingine.

Mama ya Mutahi alipoona wanafunga mizigo alisema, "Maji hayana mlango. Utamfungia wapi mtoto?" Wachuka akamjibu kwa heshima kwamba hata moto hauna mlango na tunapika. Akawafumia watoto sweta za sufu ya kijani, kwa sababu alijua maji ya Mto Chania, na alifikiri kama mto mdogo ni baridi hivyo, ziwa lote litakuwaje.

Walisafiri na treni mpaka Nairobi, wakaingia ile ya Kisumu, na asubuhi wakashuka kwenye joto ambalo hawajawahi kuona, watoto wote na sweta za kijani mpaka shingoni. Wabeba mizigo walicheka. "Mama, umeleta kabeji?" mmoja akamuuliza. Wachuka akasema, "Ndiyo, na haziuzwi." Alikuwa na furaha siku hiyo, hakuna mtu angemweza.

Meli ilikuwa imeegeshwa palepale, nyeupe, ndefu kuliko kanisa letu mara tatu. Wamae aliangalia maji kwa muda, akauliza, "Baba, ng'ambo ya huu mto imeenda wapi?" Mutahi akamwambia wataenda kuitafuta.

Kwenye lango kulikuwa na karani mwenye masharubu. Alichukua karatasi, akaisoma, akaangalia watoto, akaisoma tena.

"Hapa kuna Wamae, Gathoni na Ngatia. Huyu msichana mwingine ni nani?"

"Gathoni," Mutahi akasema.

"Gathoni ni huyu, umeniambia sasa hivi."

"Huyu ni Gathoni. Na huyu ni Gathoni."

Karani akamgeuzia karatasi. Mahali fulani ilikopitia, mtu alifikiri Mutahi amekosea akaandika jina mara mbili. Gathoni wa pili alikuwa amekatwa kwa wino mwekundu, laini moja imenyooka kwa rula.

"Wa kukatwa hapandi," karani akasema. "Labda ni mtoto wa dada yako. Watu wanatuletea hata wa jirani. Meli inaondoka saa kumi. Amueni."

Hiyo ilikuwa saa tano. Mutahi alikuwa mtu wa reli mpaka kwa mifupa, na mtu wa reli akiona wino mwekundu anasimama. Akamvuta mke wake kando, karibu na magunia.

"Mama Wamae, karatasi ni karatasi. Wakinisema kazini kwamba nimebishana langoni, nitafanya nini? Unajua Murugi, bibi ya yule rafiki yangu alihamishwa hapa? Nyumba yao si mbali. Tumwachie huyu mdogo siku tano tu. Hatajua hata."

Wachuka akaweka kikapu chini. Aliuliza polepole, "Tumwache nani?"

"Huyu mdogo. Ndiye amekatwa."

"Laini imekata jina la Gathoni. Haikusema gani. Mbona usimwachie Murugi yule wa mama yako?"

Mutahi akawaangalia wasichana wote wawili.

"Sema. Mwache mama yako kwa watu asiowajua, wewe uende kukaa kwa meli. Utafika nyumbani umwambie nini?"

"Huyo siwezi."

"Basi na mimi wangu siwezi. Mama yangu nimemzika juzi. Amebaki kwa huyu mtoto peke yake, na wewe unataka nimpitishe nje ya lango kama mzigo umezidi. Tunapanda wote au turudi wote Wamagana na hizi sweta."

Akarudi langoni akamuuliza karani ni nani anaweza kuandika juu ya wino mwekundu. Karani akasema ni bwana mkubwa wa bandari tu, na bwana mkubwa ameenda kukagua mizigo, labda atarudi, labda hatarudi. Wachuka akatandaza leso palepale, mahali kila mtu anayepanda lazima aruke miguu yake. Akatoa viazi vitamu na uji, akalisha watoto.

"Mama, ondoka njiani," karani akasema.

"Nangoja."

"Ngojea kule kwa kivuli."

"Huko bwana mkubwa hatanikanyaga. Hapa atanikanyaga."

Watu wakaanza kupanda. Mmoja akamruka, mwingine akamruka, mwingine akamuuliza kuna nini na akaelezwa, naye akasimama kuona itaishaje. Saa saba. Saa nane. Ngatia akalia akanyonya akalala. Mutahi alikuwa amekaa juu ya sanduku mbali kidogo, kama mtu hawajui hao. Saa nane na nusu akainuka. Wachuka akafikiri anaenda kutafuta nyumba ya Murugi. Kumbe alikuja, akavua kofia yake ya reli, akakaa kwenye leso kando ya mke wake, hapo njiani, watu wakamruka na yeye.

"Sasa wakinisema kazini, waseme vizuri," akasema.

Saa tisa bwana mkubwa akafika. Alikuwa mzee mnene wa kutoka Meru, jina lake Mbaabu, na kweli nusura awakanyage.

"Haiya! Hii ni nini? Soko?"

Karani akaeleza yake. Wachuka akaeleza yake, amesimama, Ngatia mgongoni. Mbaabu akasikiza, akaangalia wasichana wakiwa na sweta moja na jasho moja.

"Nyinyi watu wa Nyeri," akasema, "hata majina hamtaki kutafuta mengine! Mnapitisha hilohilo kama sahani!"

"Na kwenu Meru mnayatoa dukani?" Wachuka akamjibu. Watu wakacheka, na Mbaabu pia, lakini akainua mkono.

"Mama, mimi nakuamini kwa moyo. Lakini moyo hauwekwi kwa faili. Mtu anaweza kufundisha mtoto wa jirani kuitika jina. Nipe hawa wasichana kidogo."

Akampeleka Gathoni wa Kutus upande mmoja wa ukuta, na wa Hapa akabaki upande mwingine, wasisikiane. Akachuchumaa na tumbo lake lote mbele ya yule mdogo, akamuuliza kwa Kikuyu chake cha Kimeru, "Baba yako akirudi kazini anakuita nani?"

Wachuka aliniambia hakuwa amefikiria hilo hata kidogo. Mtoto wa miaka minne akiulizwa na mtu mgeni mwenye kofia, atasema nini? Gathoni wa Kutus alivuta uzi wa sweta.

"Ananiita mama mkwe," akasema. "Na hanichapi. Akinisalimia anatoa kofia."

Kwetu mwanamume hawezi kumchezea mama ya mke wake, hata akiwa na miaka minne.

Mbaabu akainuka akizuia kicheko, akazunguka ukuta kwa yule mwingine. "Na wewe, baba yako anakuita nani?"

"Ananiita mama," Gathoni wa Hapa akasema. "Na mama yangu ananiogopa."

Hapo Mbaabu akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama mkwe!" akamwambia karani. "Bwana, umemzuia mama mkwe wa mtu langoni tangu saa tano! Hakuna mtu anaweza kumfundisha mtoto wa jirani maneno kama hayo. Leta kalamu."

Karani akaleta. Mbaabu akaweka karatasi juu ya pipa.

"Sasa mama, watoto kwa jumla ni wangapi, niandike halafu nitie sahihi."

Wachuka akakaza leso ya Ngatia.

"Wangapi?"

"Ni hao unaona."

"Nawaona. Nataka useme wewe."

Karani akashika kichwa. "Mama, sema tu! Meli inapiga honi!"

Lakini hata wewe unayesoma unajua mtu wa kwetu hahesabu watoto wake kwa mdomo, asije akampoteza mmoja, tena mbele ya maji makubwa hivyo. Mutahi alimwangalia mke wake, na alijua, na hakusema namba pia. Wachuka akasonga mbele mpaka kwa lile pipa.

"Kuhesabu ni kazi yenu," akasema. "Mimi nitataja. Andika Wamae. Andika Gathoni, wa mama ya Mutahi. Andika Gathoni, wa mama yangu. Andika Ngatia. Ukimaliza, hesabu wewe mwenyewe na usiniambie."

Mbaabu akaandika kama alivyotajiwa, neno kwa neno, hata lile la "wa mama yangu". Akahesabu kwa macho bila sauti, maana na wao Meru wanajua hayo mambo. Akapiga muhuri mara mbili juu ya laini nyekundu mpaka haikuonekana. "Mama mkwe apite kwanza," akasema.

Na akapita kwanza. Gathoni wa Kutus alipanda ile ngazi ya meli mbele ya watu wote, akishika kamba kwa mikono miwili, na wale watu waliokuwa wamengoja kuona itaishaje wakapiga makofi. Wabeba mizigo huko chini wakaimba, "Kabeji zimeingia! Kabeji zimeingia!" Hata karani alibeba kikapu chao mpaka juu.

Saa ya chakula cha jioni mwandishi wa meli alisimama kwenye chumba cha kulia, akasoma majina ya wasafiri ili kila mtu apewe meza. Alipofika kwao akasoma, "Gathoni Mutahi." Akasogeza karatasi karibu na macho. "Gathoni Mutahi." Wasichana wakaitika pamoja, "Ii!" watu wakageuka. Wachuka aliniambia amesikia jina la mama yake likitajwa siku ya ubatizo na siku ya mazishi, lakini siku ya meli ndiyo lilitajwa vizuri zaidi, mahali pa watu wenye sahani za maua, na wote wakangoja mpaka mwenye jina apate kiti.

Usiku huo hakulala. Alikuwa amefunga Ngatia kifuani na mguu wake ameuweka mlangoni, akisikiza maji. Asubuhi wakafika Musoma. Watoto walivua sweta, wakapungia watu ambao hawawajui, na watu wakawapungia. Wamae alikuwa ameona ng'ombe kwenye kisiwa kidogo na hakuelewa walifikaje. Alimuuliza kila mfanyakazi wa meli mpaka mmoja akamwambia waliogelea, na akaamini. Gathoni wa Hapa alitapika mara moja, akapona, akaomba mkate. Mutahi alienda kwa mtu wa bendera ya meli, wakaongea habari za bendera asubuhi yote kama ndugu.

Baada ya chakula cha mchana jua lilikuwa kali na ziwa limetulia. Wakaingia chumbani kwao, wakafunga mlango kwa komeo. Wamae alilala na kiatu kimoja. Gathoni wa Hapa alichukua nafasi yote ya kitanda cha chini, na yule wa Kutus akalala juu ya miguu yake. Ngatia alinyonya mpaka akaachilia mwenyewe. Mutahi alisema atakaa macho, alinde, na kabla hajamaliza kusema akaanza kukoroma.

Wachuka akabaki amekaa. Akawapitia kwa macho mmoja mmoja, akataja jina la kila mmoja ndani ya moyo. Hakuna aliyekosekana. Akalegeza leso, akamweka Ngatia kando ya ukuta, akanyoosha miguu kwenye kile kitanda chembamba mpaka vidole vikagusa mbao za upande ule mwingine. Nje mtu alikuwa akiosha sitaha na ufagio, shwa, shwa. Alitaka kusikiliza atamaliza lini. Akalala.