Akaunti ya Muda

Jumatatu saa moja asubuhi mpima ardhi aliwasha kompyuta ya nyumbani, akaandika nywila yake. Kompyuta ikamjibu kwamba wasifu wake umeharibika, ameingizwa kwenye akaunti ya muda, na lolote atakalofanya litafutika akitoka. Alisoma mara mbili. Kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa akitia uzi kwenye cherehani, akamwuliza kwa adabu kama yeye ndiye mwenye nyumba.

"Mimi ni mke wako," alisema mshonaji.

"Nashukuru sana."

Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kushukuriwa, kwa hiyo machale yakamcheza. Alimtazama mumewe akiosha kikombe chake mwenyewe. Mtu hawi mwema ghafla bure. Kazi yake, hata hivyo, mumewe hakuisahau: alipima sebule kwa hatua, akasema ukuta wa dirishani umepinda. Ulikuwa umepinda kweli.

Alasiri mshonaji alikwenda kupalilia kaburi la mama yake, kwenye kiwanja alichomwachia, kinachopakana na cha shemeji yake, mdogo wa mumewe. Mpima ardhi aliomba kumsindikiza. Alisoma hati, akanyoosha utepe, akasimama mbele ya jiwe la mpaka.

"Nani kaweka hili? Limesogezwa hatua kumi na mbili. Kaburi limeangukia kwa jirani."

Mshonaji alilishuku jiwe hilo tangu mwaka jana.

"Ni wewe," alisema.

Mpima ardhi aliona haya. Akaling'oa, akalirudisha panapotajwa na hati, akashindilia udongo kwa kisigino. Mshonaji alifurahi, akaificha furaha yake.

Jumanne mumewe aliamka akamwuliza tena kama yeye ndiye mwenye nyumba. Jiwe nalo lilikuwa limerudi pale pale liliposogezwa kwa wizi, nyasi zimelizunguka, kama halijaguswa. Wakalihamisha upya. Jumatano vivyo hivyo, ila kwa taabu zaidi, maana mumewe hakukumbuka kwamba ana mgongo mbovu. Mshonaji akaelewa: kazi ya akaunti ya muda haidumu.

Alhamisi alikuja shemeji, ambaye hutengeneza kompyuta. Kaka yake alimwamkia kama mgeni, naye akaitikia bila kuinua macho.

"Tunafungua akaunti mpya, tunahamishia mafaili mazima," alisema. "Kaka ataamka vile alivyo leo, ila atakuwa anakumbuka, na atakachofanya kitadumu. Lakini shemeji, hii folda ya Mipaka usiiguse. Imeoza. Itaharibu na akaunti mpya."

"Imeoza, au inanuka?"

Shemeji alicheka peke yake. "Nakwambia kwa nia njema."

Nia njema hiyo ndiyo iliyoharibu mambo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mshonaji nguo anazijua. Folda inayokatazwa na mtu aliyegawiwa kaburi la mama yako lazima iwe na ushahidi. Simu ya shemeji ilipolia akatoka nje kuipokea, mshonaji akaihamisha folda ya Mipaka kabla ya yote, hata kabla ya picha za harusi.

Alikisia sawasawa. Ramani ilikuwemo, hatua kumi na mbili zimechorwa kwa wino mwekundu, na chini sahihi za ndugu wawili. Aliwasha printa.

Nyuma yake mpima ardhi alikohoa. Sura yake ya zamani ilikuwa inarudi, imeanzia kwenye nyusi, na mkono umeshika mgongo.

"Chai iko wapi?" aliuliza.

"Umerudi," alisema mkewe. "Twende basi ukalirudishe jiwe. Siku tatu mfululizo umelirudisha mwenyewe."

"Jiwe liko mahali pake." Alimsogeza kwa kiwiko, akaketi, akaifuta ramani kabla printa haijavuta karatasi. Akaunti sasa ilikuwa ya kudumu, na kilichofutwa kikawa kimefutwa. Shemeji akaingia, akamtazama kaka yake usoni, akaanza kukunja nyaya zake.

Mshonaji aliingia jikoni akalia kwa hasira. Angeiacha ile folda, angekuwa na mume. Maji yalipochemka, alipeleka vikombe vitatu.

Jumapili alikwenda kupalilia kaburi. Ilimbidi kwanza abishe hodi kwa shemeji, naye akamkaribisha vizuri, akamwuliza kama atakawia.