Uso Unaocheka

Fundi cherehani hakuwaamini wale watu tangu alipoingia na bintiye. Daktari wa meno alikuwa mchangamfu kupita kiasi, na muuguzi alishika kadi yenye nyuso sita za kuchorwa, wa kwanza ukicheka, wa mwisho ukibubujikwa na machozi.

"Haya Chiriku, nionyeshe unavyoumia."

Mtoto aliitwa Chiriku kwa vile domo lake halikufungwa tangu azaliwe. Leo aliinua kidole kimya kimya, akagusa uso unaocheka.

"Safi! Sifuri," muuguzi akaandika.

Safi kitu gani? Mtoto hajalala siku tatu kwa gego lililooza, leo haumwi? Mama alipiga jicho mezani, akaona karatasi ya nyota za kubandika. Ahaa! Kumbe wanawahonga watoto ili ripoti zao zipendeze. Yeye alipima watu kwa futi kila siku, na bado walimdanganya: mteja anabana tumbo, kesho gauni linapasuka mgongoni. Sembuse kadi ya katuni!

Daktari alichoma sindano ya ganzi, akasubiri, kisha akaligusa jino kwa koleo. Kidole kikarudi palepale.

"Basi ganzi imeshika. Tunang'oa."

Mama akatupa macho kwenye miguu ya mwanawe. Vidole vilikuwa vimejikunja, vimeng'ang'ania ndala. Alijua anachokiona. Mtoto alikuwa anabana tumbo.

"Hebu ngoja, daktari! Huyu anaumia. Mmemfundisha nini nyie?"

"Sisi?" Muuguzi hakukasirika. "Mama, hebu angalia anamtazama nani kabla ya kugusa."

Macho ya Chiriku yalikuwa yamemganda mama yake.

"Si ulisema nisikutie aibu," alisema kwa taabu, shavu limevimba. "Ukasema mtoto mkubwa halii."

Alisema kweli. Mama aliyasema maneno hayo asubuhi ile ile akimfunga vifungo, tena kwa ukali. Aibu ikamshika mpaka masikioni.

"Geukia ukutani kidogo, mama," muuguzi akamwomba.

Akageuka. Nyuma yake akasikia kidole kikigonga kadi.

"Uso wa tano," muuguzi akasema. "Ongeza ganzi, daktari."

Hapo Chiriku akaangua kilio cha siku tatu. Mama naye machozi yakamtoka, lakini hakuthubutu kugeuka, asije mtoto akamwona, akakirudisha kidole kwenye uso unaocheka.