Simu Iliyoijua Jumanne

Jumanne ile pia simu ilitetemeka kabla pasi haijapata moto. Mshonaji akafuta mikono kwenye aproni, akasoma: "Barabara ya hospitali haina foleni. Ukitoka sasa utawahi."

Hakuwa na safari. Mume wake, mgonjwa wa figo aliyekuwa akimpeleka kusafishwa damu kila Jumanne, alikuwa amezikwa tangu mvua za mwanzo. Kwamba simu haikujua kifo, hilo alilielewa. Lililomkaa kichwani ni jingine: Jumanne iliijuaje, naye hakuwahi kuiambia?

Akavuka barabara hadi kibandani kwa fundi simu, mdogo wa marehemu mume wake.

"Shemeji, nani kaiambia simu mambo yetu?"

"Wewe mwenyewe," alijibu, macho hayajatoka kwenye waya aliokuwa akiuchomelea. "Tena kwa miguu yako. Kila mlikokwenda, nayo ilikuwa inafuatilia."

"Makubwa! Nami nilidhani mbea wa mtaa huu ni mke wa kinyozi."

"Mke wa kinyozi akichoka hulala, shemeji."

Akatoa simu mbili kuukuu sandukuni. Alikuwa ameziondolea mifumo yake ya uendeshaji ya kiwandani na kuziwekea mingine, kila moja wake. "Mifumo hii haifuatilii nyendo zako. Chagua mmoja, nitakuwekea kwenye yako. Picha zenu nitazihamisha. Ila haya mazoea ya Jumanne yatafutika."

Hapo moyo wa mshonaji ukasita. Tangu waombolezaji waliporudi makwao, hakuna mtu aliyemtajia Jumanne. Aliyebaki akiikumbuka pamoja naye ni huyu mbea asiyelala.

"Niazime kwanza, nizipime."

Kitambaa alizoea kukipima kabla ya kukata: hukivuta, hukilowesha pembe, hukipiga pasi. Akatia simu moja mfuko wa kulia wa aproni, nyingine wa kushoto, akaenda nazo kwa muuza vifungo, akarudi. Kisha akafungua katika zote mbili programu ileile ya hali ya hewa.

"Shemeji! Huku kulia theluji inaanguka!"

Fundi alicheka mpaka akaweka kifaa chini. "Mfumo huo unadanganya makusudi. Programu ikiuliza uko wapi, inatajiwa mji wa mbali."

"Nami nimetoka bila koti! Na huu wa kushoto? Unaniuliza tu niko mji gani."

"Huo haudanganyi. Umeinyima programu jibu mpaka utake wewe. Nyingine unaweza kuzinyima hata mtandao."

"Kwa hiyo hakuna atakayejua nilipo?"

"Kampuni ya laini itajua, maana simu lazima ishike mnara. Na programu ya benki huenda ikagoma. Sikuuzii mbuzi kwenye gunia."

Mshonaji akazigeuza simu mikononi. Alimkumbuka marehemu kitandani, watu wakija kumdodosa ugonjwa. Hakuwahi kuwadanganya kwamba amepona. Alitabasamu tu, akawauliza habari za kwao.

"Huu wa kushoto," alisema. "Umefanana na kaka yako."

Fundi akanyoosha mkono apokee simu ya shemeji yake. "Na Jumanne?"

"Futa." Lakini vidole vyake vilichelewa kuiachia simu, na fundi hakuivuta.

Jumanne iliyofuata pasi ilipata moto, simu kimya. Akaigusa, akaitazama, ilimwonyesha saa tu. Alisimama mlangoni na shati la mtu mkononi, kama aliyesahau alichofuata. Ng'ambo ya barabara shemeji yake alikuwa akifungua kibanda.

"Shemeji," aliita, "leo Jumanne!"

Fundi akamtazama. Akarudisha kufuli mlangoni, akavuka, akavuta kigoda kando ya cherehani.

"Mlikuwa mnapita njia gani?" aliuliza.

Mshonaji akazima pasi. "Ya sokoni. Kaka yako alikuwa akigombana na kila dereva..."